Minara 21 ya Conwy

Kwenye kipindi kilichopita niliitaja Conwy kwa dakika mbili hivi, halafu tukahamia mambo mengine. Tangu siku hiyo nimeulizwa mara kadhaa: kwani huko kuna nini? Basi hii hapa habari yenyewe, maana dakika mbili hazikuitosha.

Conwy ni mji mdogo kwenye pwani ya kaskazini ya Wales. Kutoka Manchester tunakoishi ni mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, foleni ikikuhurumia. Ukija kutoka mashariki unavuka mto, na hapo ndipo unapoiona: ngome ya minara 8 mikubwa imekaa juu ya mwamba, na kutoka kwenye ngome unatokea ukuta, unapanda mlima, unazunguka mji, kisha unashuka tena mpaka kwenye maji. Si magofu ya kuambiwa tu kwamba hapa zamani palikuwa na ukuta. Ukuta wenyewe upo. Una urefu wa kilomita 1.3, minara 21 na malango 3, na ndani yake watu wanaishi, wananunua mkate, wanaanika nguo.

Tulikwenda watatu: mimi, mamangu, na binti yangu wa miaka 9. Na niseme ukweli, hatukufuata historia. Mama alikuwa ameanza kunyamaza. Akimuuliza mjukuu wake jambo kwa Kiswahili, mtoto anajibu kwa Kiingereza. Anaelewa kila neno, ila jibu linatoka kwa Kiingereza. Zamani Mama alikuwa akimfuata huko huko kwenye Kiingereza, lakini umri umesonga na Kiingereza siku hizi kinamchosha, kwa hiyo anatabasamu tu na kurudi kwenye chai yake. Jioni moja akaniambia, "Mwanangu, nikizungumza na huyu mtoto najiona kama mgeni aliyepiga hodi kuomba maji."

Sikuwa na la kujibu. Nikasema, "Jumamosi twende tukatembee." Ndivyo tulivyo wengine wetu, jambo likitushinda tunawasha gari.

Mji wa kuwaweka wengine nje

Barabarani tulipoingia Wales, mtoto alianza kusoma maandishi yaliyopigwa rangi kwenye lami: ARAF. Akauliza ni nini. Chini yake pameandikwa kwa Kiingereza neno la kumwambia dereva aende polepole. Akaanza mchezo wa kutafuta maneno ya Kiwelshi kwenye kila kibao, na mara nyingi yalikuwa juu, Kiingereza chini. Pale ngomeni kijana wa kukata tiketi akatuamkia "Bore da". Mama akaniuliza kasemaje. Nikamwambia ndiyo "habari za asubuhi" ya Kiwelshi. Akatikisa kichwa, akalijaribu kimoyomoyo.

Kisa cha mji wenyewe ni hiki. Mwishoni mwa mwaka 1282, Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wales, aliuawa vitani. Miezi michache baadaye, mwaka 1283, jeshi la Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, likafika Conwy na ujenzi ukaanza papo hapo. Msimamizi wa kazi alikuwa fundi mkuu aliyetoka Savoy, upande wa milima ya Alps, aitwaye James of St George. Vibarua na waashi walikusanywa Chester kila kiangazi, wakatembea kwa miguu mpaka Wales. Kazi ilipopamba moto walifika watu 1,500. Ndani ya miaka minne hivi, ngome na ukuta wa mji vilikuwa vimesimama, na gharama yake ilikuwa kama pauni 15,000, fedha za kutisha kwa wakati ule.

Tena mahali penyewe hapakuwa patupu. Palikuwa na abasia ya watawa wa Kisistersia, na humo alizikwa Llywelyn Mkuu, babu yake huyo Llywelyn aliyeuawa. Edward akawahamisha watawa, wakapelekwa Maenan, juu kidogo ya bonde la mto, na palepale walipokuwa wakisali akajenga mji wake. Sehemu ya kanisa lao mpaka leo imo ndani ya kanisa la Mtakatifu Maria, katikati ya mji.

Mama alisikiliza yote hayo nikimsomea na kumfasiria, akasema, "Huyo alijua anachofanya. Unaanza na makaburi ya watu."

Mwaka 1284 mji ukapewa hati ya kifalme. Viwanja walipewa walowezi walioletwa kutoka Uingereza, na mkuu wa ngome ndiye huyo huyo aliyekuwa meya. Wawelshi ndio waliotakiwa wakae nje. Na baada ya uasi wa Owain Glyndŵr kuanza mwaka 1400, bunge la Uingereza likakaza zaidi kwa sheria zilizowakataza Wawelshi kununua ardhi katika miji ya namna hii.

Nilipofika hapo Mama akasimama. Akanielekezea kidole kibao cha pale ngomeni, Kiwelshi juu, Kiingereza chini. "Sasa hebu niambie. Kama waliwekwa nje, mbona lugha yao ndiyo iko juu?"

Nikamwambia sijui, Mama. Twende tutazame.

Chokaa

Leo ngome ya Conwy ni ya kijivu iliyokolea, mawe matupu. Lakini ilipojengwa ilipakwa chokaa, ikawa nyeupe, ya kuonekana kutoka mbali baharini na milimani. Bado kuna mabaki madogo ya chokaa hiyo kwenye kuta, ukiangalia vizuri.

Mama aliposikia chokaa alichangamka. Amekulia Mji wa Kale, Mombasa, na chokaa anaijua kwa mikono: nyumba za matumbawe, kuta zinazopakwa upya kabla ya sikukuu. Akawa anapapasa mawe ya ukutani kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Halafu akaanza kumwambia mjukuu wake habari za Ngome ya Mombasa, ile ambayo ramani zinaiita Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Namna ileile, jiwe juu ya mwamba, mdomoni mwa bandari, ya watu waliotoka mbali. Na jinsi Yusuf bin Hasan, sultani waliyemlea wao wenyewe Goa, alivyoingia ndani mwaka 1631 kama rafiki, akamuua mkuu wa ngome na kuiteka.

Nikamwambia, "Basi na hapa palitokea hayo hayo." Siku ya Ijumaa Kuu ya mwaka 1401, askari wa Conwy walikuwa wamekwenda kusali kanisani mjini. Ngomeni walibaki walinzi wachache mno. Ndugu wawili, Rhys na Gwilym ap Tudur, pamoja na watu kama 40 hivi, wakaichukua ngome. Inasimuliwa kwamba aliyefungua njia alijifanya seremala aliyekuja kazini. Ngome iliyomeza pauni elfu kadhaa ikachukuliwa kwa msumeno na uongo mdogo! Waliishikilia kwa wiki kadhaa mpaka wakaafikiana masharti ya kuitoa. Na ukoo huohuo wa Tudur, kupitia ndugu yao mwingine, ndio uliokuja kutoa wafalme wa Uingereza kuanzia mwaka 1485.

Mama alicheka sana kwa huyo seremala. "Ukuta haujui nani fundi, nani mwizi."

Hesabu

Kwenye ukuta wa mji unaruhusiwa kutembea juu, na hulipi kitu. Ngazi ni za mawe, nyembamba na zilizolika. Magoti ya Mama hayakuwa na shauri nazo. Akasema yeye atatembea chini, tutakutana mbele.

Hapo ndipo mtoto alipopata wazo la kuhesabu minara, tuone kama kweli ni 21. Mama akamwambia, "Sawa, lakini mimi niko chini, siwezi kuona yote. Wewe ndiye utakayenipigia kelele. Na uhesabu kwa Kiswahili, mimi masikio yangu ya Kizungu nimeyaacha nyumbani."

Basi tukaanza. Mito ya bahari upande mmoja, paa za nyumba upande mwingine. Kwa upande wa kaskazini, nje ya ukuta, kuna barabara inayoitwa Town Ditch Road, na jina linasema lenyewe, hapo palikuwa na handaki la kulinda mji. Mama alikuwa akitembea huko chini na mkoba wake, sisi juu. Kila tukifika mnara, mtoto anainama kwenye tundu la ukuta na kupaza sauti: "Tano!" Kutoka handakini inarudi sauti ya Mama: "Tano! Endelea!"

Wakati huohuo nikapata kuielewa hiyo minara. Ukiiangalia kutoka nje ni mviringo wa mawe, mnene, wa kuogopesha. Ukiiangalia kutoka ndani, mingi haina mgongo. Iko wazi nyuma, kama kikombe kilichokatwa nusu. Na zamani juu ya kila uwazi palikuwa na kidaraja cha mbao. Adui akipanda kipande kimoja cha ukuta, walinzi wanaondoa mbao, naye anabaki amenasa kati ya minara miwili, hawezi kwenda mbele wala kurudi. Na kwa kuwa mnara hauna mgongo, hawezi kujificha ndani yake akaugeuza kuwa wake. Umbali kati ya mnara na mnara ni kama mita 46, kiasi cha mpiga mishale kumfikia mtu bila taabu. Hakuna kilichowekwa kwa mapambo.

Tulipofika juu kabisa, kwenye pembe ya mlima, mji wote ulikuwa chini yetu ndani ya mkono wa ukuta: ngome, mto, mashua, na reli inayopenya ukutani kwenye tao lililojengwa karne ya 19. Mtoto akapiga kelele, "Kumi na... kumi na..." Akakwama. Akanitazama. Nilitaka kumsaidia, nikajizuia. Mama kule chini, keshaingia kupitia Lango la Juu na anapumzika kwenye kivuli, akauliza, "Kumi na ngapi? Sikusikii!" Mtoto akaanza upya kwa vidole, moja, mbili, tatu, polepole, mpaka akaifikia. "Kumi na TATU!" Watu wawili waliokuwa wakipita wakageuka kutazama.

Tukashuka upande wa kusini. Huko karibu na Lango la Kinu kuna kitu ambacho watoto wote watakipenda, vyoo 12 vya karne ya 13 vilivyojitokeza nje ya ukuta kwa safu, kama vichanja vya mawe. Vilijengwa kwa ajili ya watumishi wa mfalme. Mtoto akasahau hesabu kwa dakika tano nzima akicheka.

Halafu tukaendelea. Kumi na nane. Kumi na tisa. Na pale kwenye mnara uliofuata, akainama, akajaza kifua pumzi, akatangaza kwa nguvu zake zote:

"Kumi na kumi!"

Chini kukawa kimya. Kisha nikamsikia mamangu akicheka. Sijamsikia akicheka vile tangu baba alipofariki. Alikuwa ameshika ukuta kwa mkono mmoja, mkono mwingine uko kwenye mbavu. "Kumi na kumi! Wallahi ni kweli, mwanangu, kumi na kumi ndiyo ishirini!"

Tulipata kumi na kumi. Wa 21 hatukuuona.

Kibao

Kutoka ukutani tuliingia mjini. Kwenye High Street kuna nyumba inaitwa Plas Mawr, maana yake Jumba Kubwa. Ilijengwa kati ya mwaka 1576 na 1585 na Robert Wynn, Mwelshi wa ukoo wa wenye ardhi, ndani ya kuta zilezile zilizokusudiwa kuwazuia watu wake. Sahau mawe ya kijivu: kuta na dari zimejaa nakshi za plasta zilizopakwa rangi kali, nyekundu, kijani, njano, na herufi za jina lake, R na W, kila mahali, asije mtu akasahau nyumba ni ya nani. Mama alikaa humo muda mrefu kuliko kwenye ngome. "Huyu alikuwa anajibu," akasema. Sikumuuliza anamjibu nani.

Baadaye gatini tukaiona ile nyumba nyekundu inayotajwa kuwa ndogo kuliko zote Uingereza, upana mita 1.8 tu. Mvuvi mmoja mrefu wa futi 6 na nchi 3 aliishi humo mpaka mwaka 1900. Tukatafuta chai.

Mkahawani, mama mmoja aliyekuwa akihudumia alikuwa anazungumza Kiwelshi na mtoto wake aliyekaa pembeni na kitabu cha kuchora. Kitu cha kawaida kabisa, nadhani alikuwa anamwambia amalize juisi. Mtoto akajibu kwa Kiwelshi bila kuinua kichwa. Mama yangu aliwatazama mpaka nikaona haya. Nikamweleza yule dada, samahani, mamangu anaipenda kusikia lugha yenu, na amekuwa akiuliza tangu asubuhi imewezaje kubaki.

Yule dada akacheka, akasema haikubaki mjini, ilibaki mashambani na majumbani. Mwaka 1588 Biblia nzima ilitoka kwa Kiwelshi, kazi ya William Morgan, aliyezaliwa Penmachno, mbali kidogo tu ndani ya wilaya hii. Kwa hiyo watu wakawa na kitabu cha kusoma kwa lugha yao kila Jumapili. Halafu akasema jambo ambalo nililijua kwa juujuu. Karne ya 19, katika shule nyingi, mtoto aliyesikika akisema Kiwelshi alivishwa kibao cha mti shingoni. Alikaa nacho mpaka asikike mwingine, akakipitisha kwake. Aliyekuwa nacho mwisho wa siku alichapwa.

Nikamfasiria Mama. Akaweka kikombe chini.

"Na sisi tulivishwa," akasema.

Nina miaka 38, na sikuwahi kuisikia habari hii. Akaeleza kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia bei ya samaki. Shuleni kwao Mombasa ilikuwa Kiingereza tu. Kibao cha mti, kimetobolewa, kimetiwa uzi. Ukikutwa unasema Kiswahili unavishwa, nawe unaanza kumtafuta wa kumvisha. Siku moja kilikuwa kwake na jioni inakaribia. Alimwendea rafiki yake aliyempenda kuliko wote, akamnong'oneza kwa Kiswahili: "Una njaa?" Yule akajibu. Mama akamvika kibao.

"Yeye ndiye aliyechapwa," akasema. "Mimi nikaenda nyumbani."

Mezani tukanyamaza. Binti yangu alikuwa amesikia yote. Anaelewa kila neno, niliwaambia. Akamtazama nyanya yake, akauliza, taratibu, na kwa Kiswahili:

"Nyanya, kwani alikuwa na njaa?"

Mama akafikiri. "Alikuwa nayo," akasema.

Mkienda

Nisiwadanganye kwamba tulirudi Manchester tumekuwa familia ya mfano. Mtoto bado anajibu kwa Kiingereza akiwa na haraka, na ana haraka siku nzima. Hata hao Wawelshi wenyewe hawajamaliza kazi. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wasemaji kama 538,000, asilimia 17.8 ya watu wa Wales, pungufu ya asilimia 19 ya mwaka 2011. Hiyo ni lugha yenye shule, televisheni na sheria zake. Sisi tuna meza ya kulia chakula na kiti cha nyuma cha gari.

Ila nimeacha kufasiri. Zamani Mama akiuliza na mtoto akajibu kwa Kiingereza, mimi ndiye niliyekuwa kidaraja, nikarahisisha mambo yaende. Sasa naondoa mbao. Wananasa kidogo, wote wawili, kisha wanatafuta njia. Jana ilikuwa dakika nzima kuhusu neno "mwavuli".

Mkienda, vaeni viatu visivyoteleza, maana mvua ya Wales haina miadi na mawe yale yakilowa ni sabuni. Watoto wadogo washikwe mkono juu ya ukuta. Ngome na Plas Mawr mnalipia, ukuta ni bure. Na mzee asiyeweza ngazi msimwache garini. Barabara ya handakini ni nzuri, na sauti inafika vizuri kutoka juu.

Sisi tutarudi majira ya kuchipua, Mama akishatoka Mombasa. Amesema anataka kuuona huo mnara wa 21 kwa macho yake, maana haamini hesabu ya mtu anayesema kumi na kumi.